Moyo wa Manila

Wasee, tusidanganyane: Valentine si lazima iwe chokoleti. Dada yangu hufanya kazi kwa shamba la maua Naivasha, na Februari ndio huwa bize kabisa. Yeye anakata rozi za wapenzi wa Ulaya, mimi nabaki na watoto wake. Mwaka jana sikununua peremende. Nilinunua manila moja, nikapika gundi ya unga wa ngano na maji. Tukakunja karatasi, tukachora nusu moyo kwa mkunjo, tukakata. Ukifungua, moyo mzima! Mdogo akaandika "Mama", akabandika mlangoni, chini kabisa, pale mkono wake unafika. Dada alirudi usiku amechoka, akachuchumaa kuusoma. Peremende ingekuwa imeisha kitambo. Na wewe, tarehe 14 utakaa chini na nani?