Maskini Yupi?

Usharika wetu una urafiki na usharika mmoja wa Kilutheri huko Ufini. Barua zetu huenda kwa Kiingereza, na mama mmoja wa kule huzigeuza kuwa Kifini ili zisomwe ibadani. Safari moja alinipigia simu kwa ajili ya neno moja tu, "poor". Baraza la wazee lilikuwa limelitumia mara tatu: kwa mavuno ya mwaka ule, kwa afya ya mwinjilisti wetu, na kwa mjane mmoja wa mtaani.

"Mchungaji," alisema, "Kifini hakina neno moja la kubeba yote hayo."

Mavuno mabaya ni "huono". Afya dhaifu ni "heikko". Mtu asiye na mali ni "köyhä". Lakini mtu wa kuhurumiwa, hata akiwa na mali, ni "parka", na neno hilo hufuata jina lake. Kisha akauliza, "Huyu mjane ni yupi?"

Kiswahili chetu kisingeniuliza hivyo. Fukara tunamwita maskini, na tajiri akifiwa pia tunasema, "Maskini!"

Mjane yule ana migomba na mbuzi. Sikukuu ya mavuno haimpiti bila kuleta mkungu wa ndizi wa kunadiwa. Mwaka ule alikuwa amemzika mwanawe wa pekee. Hakukosa chakula, alikosa wa kula naye.

Nilijua "köyhä" lingefungua mifuko ya wenzetu, na paa la kanisa letu lilikuwa linavuja. Lakini Amri ya Nane hutukataza kumshuhudia jirani uongo. Kumfanya jirani ombaomba ili sadaka ije ni kumshuhudia uongo, hata kama fedha itafanya kazi njema. Nikajibu, "Andika 'parka'. Halafu mwombeeni." Habari za paa tuliziandika peke yake, kwa jina lake.

Baadaye niliuliza Biblia ya Kifini inasemaje katika Mathayo 5:3 na Luka 6:20. Kote ni "köyhä". Sikuona neno la huruma pale. Bwana Yesu hakuwasikitikia watu wale, aliwaita wenye heri, akawapa Ufalme.

Martin Luther alipofariki mwaka 1546 aliacha kikaratasi kilichokiri kwamba sisi sote ni waombaji. Mbele za Mungu ni kweli: aliye na mbuzi na asiye na mbuzi hunyoosha mikono mitupu mezani pa Bwana. Ila mbele ya wanadamu tunadaiwa ukweli. Mpendwa, kabla hujamwita mwenzako maskini, jiulize amepungukiwa nini. Mwingine anahitaji debe la mahindi. Mwingine anahitaji uende ukae naye jioni.