Upendo Usio na Upendeleo

Utu uzima dawa, chambilecho wahenga. Methali hii hurudiwa madarasani mara nyingi hivi kwamba imekaribia kupoteza makali yake. Hata hivyo, wapo wazee ambao ukikaa nao kitako utang'amua kwamba wahenga hawakupayuka. Mmoja wao alikuwa bikizee aliyeishi karibu na Burnt Forest, kando ya barabara kuu itokayo Nakuru kwenda Eldoret. Shamba lake la ekari tatu yeye na marehemu mumewe walilipata kupitia chama cha kununua ardhi, miaka michache baada ya uhuru wa 1963. Alizaliwa takriban 1930. Tarehe kamili haikuandikwa na yeyote.

Hakukanyaga shule utotoni. Alijifunza kusoma akiwa na umri wa miaka hamsini hivi, katika darasa la gumbaru lililofanyiwa kanisani siku za juma. Hiyo ilikuwa miaka ya mwanzo ya Idara ya Elimu ya Watu Wazima, ambayo serikali iliiunda 1979. Wanawake wenzake walitaka kusoma ili waweze kutia sahihi kwenye karatasi za maziwa na pareto. Yeye alitaka kusoma Biblia bila kusubiri mtu amsomee. Aliyoipata ilikuwa ile tafsiri ya 1952 iliyowaunganisha wasomaji wa Kiunguja na wale wa Kimvita, na ndiyo iliyomfundisha Kiswahili. Ndiposa, mbele ya mwuza duka au karani wa chifu, bikizee huyu alizungumza Kiswahili cha manabii na mitume, chenye lafudhi nzito ya lugha ya mama yake. Wajukuu walikuwa wakimcheka kichinichini.

Hakuwa mhubiri. Imani yake ilionekana zaidi katika mambo madogo yasiyotangazwa. Aliamka kabla ya jogoo wa pili, akawasha moto, akapiga magoti kando ya mafiga, kisha akawataja wanawe na wajukuu wake mmoja baada ya mwingine, wale wema na wale walioshindikana. Orodha ilipokwisha ndipo alipokwenda kukama ng'ombe. Mjukuu aliyelala jikoni alipozinduka na kusikia jina lake likitajwa gizani, alifahamu kwamba kuna mtu aliyemkumbuka kabla hajafanya jema wala baya siku hiyo.

Kisha ukaja uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007. Matokeo ya urais yalipotangazwa tarehe 30, nchi iliwaka moto. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilikuja kubaini kwamba watu 1,133 waliuawa katika ghasia hizo. Waliofurushwa makwao walizidi laki sita. Bikizee alikuwa mmoja wao. Usiku ule vijana walipofika na mienge, alitoka kwa mlango wa nyuma akiwa na vitu viwili tu: Biblia iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, na ufunguo wa nyumba. Akiwa amejificha katikati ya mabua ya mahindi aliiona nyumba yake ikiteketea. Aliwaona pia waliokuwa wakiichoma. Mmoja wao alikuwa mwana wa jirani yake, mama mjane wa rika lake, ambaye kwa zaidi ya miaka thelathini walikuwa wameombana chumvi na kutembeleana kila mmoja wao alipojifungua au kufiwa.

Mjukuu wake, aliyekuwa mwanafunzi wa Kiswahili wa mwaka wa pili chuoni, alimkuta mwezi Februari katika kambi ya wakimbizi wa ndani, kwenye uwanja wa maonyesho ya kilimo mjini Eldoret. Maelfu ya watu walikuwa wamesongamana humo chini ya maturubai. Ajuza alikuwa ameketi juu ya debe lililopinduliwa, ufunguo ukiwa umefundikwa kwenye pindo la leso yake. Mjukuu alilia, kisha machozi yakageuka hasira.

"Nyanya," aliuliza, "usiku ule Mungu alimpenda nani? Ninyi mlikesha shambani kwenye baridi, wao wakalala kwao. Yaelekea aliwapenda wao."

Nyanya hakumkemea kwa kukufuru. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema:

"Swali lako si geni, mjukuu wangu. Nililiuliza walipotufukuza mara ya kwanza, miaka ile ya 1992. Kila alfajiri nilimwomba Mungu asimame upande wetu, awaangushe wao. Asubuhi moja nikawaza: huyu jirani yangu naye ni Mkristo. Huamka mapema kama mimi. Bila shaka anaomba maneno yaya haya, ila ameyageuza majina. Sasa Mungu amsikilize nani? Hapo ndipo nilipotambua kwamba sote wawili hatukuwa tukiomba upendo. Tulikuwa tukiomba upendeleo."

Mjukuu alipigwa na butwaa. Muhula uliotangulia alikuwa amefanya zoezi la mnyambuliko wa vitenzi, akaandika penda, pendwa, pendana, pendeza, pendelea, na mhadhiri akampa alama zote. Hakuwahi kufikiri kwamba katika safu ile fupi mlikuwa na maswali ambayo watu wameyafia. Mzizi ni mmoja, lakini anayependa humtazama mtu na kuuliza ana haja gani, ilhali anayependelea huuliza kwanza ni wa nani. Malalamiko juu ya ardhi, kazi na mgao wa mali ya umma, ambayo yalikuwa yametokota kwa miongo mingi, yalihusu upendeleo: waliounyimwa waliulilia, waliokuwa nao wakaung'ang'ania.

"Na tena," aliendelea nyanya, "Mungu huwapenda hata wasiopendeza. Angengoja tupendeze kwanza, nani kati yetu angebaki?"

"Basi waliotuchomea hawana kosa?"

"Nani kasema hivyo? Mama mwenye mwana mwizi humpenda, lakini hamwambii aendelee kuiba. Nimesema wanapendwa. Sikusema hawakukosa."

Mkataba wa amani ulitiwa sahihi tarehe 28 Februari, na mwezi Mei serikali ikaanzisha mpango wa kuwarejesha wakimbizi mashambani, ulioitwa Operesheni Rudi Nyumbani. Bikizee alirudi. Wanawe walimsihi ahamie mjini, naye akawajibu kwamba kaburi la mumewe haliwezi kupakiwa kwenye lori. Msimu wa kupanda ulikuwa umempita. Pale palipokuwa na nyumba palibaki majivu, mawe ya msingi na kitasa cha chuma kilichokunjamana kwa moto. Lakini kilichomuudhi mjukuu kuliko yote kilikuwa ng'ambo ya ua: zizi la jirani lilikuwa limepauliwa kwa mabati yenye mstari wa rangi ya samawati, rangi ambayo mjukuu mwenyewe aliimwaga juu ya mabati hayo alipokuwa mtoto.

Juma la pili habari zikafika kwamba jirani yule ni mgonjwa wa kifua na yuko peke yake. Mwanawe alikuwa ametoroka tangu Januari. Nyanya alikoroga uji wa wimbi, akaumimina kwenye chupa ya chai, akamtaka mjukuu ambebee. Mjukuu alikataa katakata. Ajuza hakubishana naye. Alijitwika kikapu, akashika mkongojo wake, akaanza kuteremka polepole kwenye njia yenye utelezi. Hatua chache tu, mjukuu akamfuata na kumpokea kikapu. Hakufanya hivyo kwa kuwa alikuwa amesamehe. Alichelea kwamba nyanya ataanguka.

Ndani ya nyumba ile mlikuwa na giza na harufu ya moshi. Mgonjwa alijiinua kidogo kitandani.

"Dada, umerudi?"

"Nimerudi."

Kimya kikatanda. Kisha mgonjwa akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Mabati yako..."

"Nimeyaona," nyanya alimjibu huku akimimina uji kikombeni. "Tutayazungumza ukipona. Sasa kunywa."

Nao walikuja kuyazungumza. Yalirudi kumi na moja kati ya ishirini. Mengine hayakujulikana yalikokwenda. Mwana wa jirani hakurudi kuomba radhi. Maafisa walipokuja kuandika taarifa za waathiriwa, bikizee aliwaeleza yote aliyoyaona, pamoja na jina la kijana yule, kisha jioni hiyo hiyo akaenda kwa jirani kumwambia kwa kinywa chake kwamba amelitaja. Wanawake hao wawili hawakuzungumza kwa majuma matatu. Wiki ya nne, jirani alionekana langoni akiwa na kibuyu cha maziwa lala. Hakuna aliyejua walisemezana nini, maana walifunga mlango.

Ni rahisi kuuhubiri upendo wa Mungu kwa maneno matamu, hasa pale ambapo haumgharimu mhubiri chochote. Imani ya bikizee huyu ilikuwa na uzito kwa sababu haikumwomba asahau wala aseme uongo. Aliyaona mabati na kuyataja, akaupeleka uji, akaitoa taarifa. Aliamini kwamba upendo aliopewa bure hakuruhusiwa kuufungia ndani ya ua wake, na kwamba ukifungiwa humo huoza na kuwa upendeleo.

Aliaga dunia 2017, mwaka mwingine wa uchaguzi, akiwa kitandani mwake, chini ya mabati yenye mstari wa samawati. Ufunguo wa nyumba iliyoungua ulikutwa ndani ya Biblia yake, ukiwa umetumiwa kama alama ya ukurasa.

Mjukuu wake leo ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili. Bado hajaweza kusema kwamba amemsamehe kijana yule, wala hapendi kuulizwa. Ila kila mwaka, anapofundisha mnyambuliko na kufika kwenye mzizi ule, huandika "penda" na "pendelea" pembeni mwa vingine, akaacha nafasi kubwa kati yao. Kisha huwauliza wanafunzi waeleze tofauti, naye hungoja jibu bila haraka.