Boksi la Magari Mabovu



Kuna kosa tulilolitenda nyumbani kwetu sisi wazazi wawili, nasi tumeafikiana kuliandika ili mzazi mwenzetu asije akalirudia. Mwanetu wa kiume, mwenye umri wa miaka 14, alikuwa na boksi la viatu chini ya kitanda chake. Ndani yake mlikuwa na magari ya kuchezea ya bei rahisi, yale yanayotandazwa mbele ya maduka Idd inapokaribia. Lakini hayakuwa tena kama yalivyotoka dukani. Moja halikuwa na vioo, jingine limebanduliwa rangi, na la tatu limepachikwa mtutu juu ya paa. Sisi tuliona mambo mawili tu: israfu na vita. Siku hiyo, naye yuko madrasa, tukalitoa boksi pamoja na taka.

Aliporudi alitazama chini ya kitanda, akatuuliza mara moja. Tulipomjibu, akanyamaza. Kimya kile kilidumu siku nne. Alikula, aliswali, alikwenda skuli, lakini nyumba ilikuwa kama imeondokewa na mtu. Usiku wa nne ndipo bibi yake alipotuita chumbani kwake, akasema: "Wanangu, mlimuuliza kwanza kile ni kitu gani?" Hatukuwa na jibu.

Asubuhi yake tulimtaka radhi, kisha tukamwomba atufundishe. Jambo hilo alilipata kwa binamu yake aliyeko Uingereza, ambako lina wapenzi wengi. Asili yake ni ya zamani. Mwaka 1824 ofisa wa Prussia, Georg von Reisswitz, alitoa kanuni za kuchezea vita juu ya ramani, zikatumika kuwafunza maofisa. Mwaka 1913 mwandishi H. G. Wells alichapisha Little Wars, kitabu cha kanuni za kupanga askari wa kuchezea sakafuni, na humo alieleza kwamba vita hivyo vidogo ni bora mno kuliko vikubwa. Mwaka uliofuata vikubwa vikaanza. Ama magari yenyewe, yale madogo ya chuma yaitwayo Matchbox yalianza Uingereza mwaka 1953, yakauzwa katika viboksi mfano wa kibiriti. Na mwaka 2017 ulitoka mchezo wa Gaslands, ambao mchezaji huchukua magari ya kawaida ya watoto akayageuza kwa mkono wake.

Kazi ya kuyageuza ndiyo iliyotushangaza. Gari hupinduliwa, chini yake mna ribiti zilizoshika bodi na sakafu. Vichwa vya ribiti hutobolewa kwa keekee nyembamba, na gari likafunguka: bodi, vioo, viti na magurudumu. Bodi hupigwa msasa. Mabamba ya deraya hukatwa kwa mkasi kutoka kopo la soda. Mnara ni kifuniko cha dawa ya meno. Mtutu ni mrija wa wino wa kalamu iliyokwisha. Kisha vyote hupakwa rangi nyeusi isiyong'aa, ili bati, plastiki na chuma vionekane kitu kimoja. Ikikauka, mwanetu huchovya brashi katika rangi ya udongo, akaifuta kwenye kitambaa mpaka rangi karibu iishe, ndipo akaipitisha juu kwa wepesi. Kingo hushika rangi, mabonde hubaki meusi. Kutu huipachika kwa kipande cha sponji ya kuoshea vyombo. Gari la shilingi hamsini likawa kama lililovuka nyika mwaka mzima. Kilichonunuliwa ni gari, gundi na rangi. Vilivyobaki vilikuwa vya kutupwa. Nasi tuliita israfu!

Hata hivyo hofu yetu haikuwa bure yote. Mchezo huu kwa kawaida huendeshwa kwa dadu, na katika Sahihi Muslim imo hadithi yenye makemeo makali juu ya nardashiri, ambayo wanazuoni wengi wameifasiri kuwa ni mchezo wa dadu. Tulimweleza kwa utulivu, bila kufoka. Akaenda akafikiri, akarudi na kanuni nyingine: matokeo huamuliwa kwa umbali uliopimwa kwa rula na unene wa deraya, bila bahati nasibu. Kuhusu vinyago vya watoto, tulikumbushana habari ya Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, na farasi wake wa kuchezea mwenye mbawa za kitambaa, iliyopokewa na Abu Daud. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimuuliza habari ya farasi yule, akacheka. Sisi tulitupa kabla ya kuuliza.

Bibi ndiye aliyeigusa vita yenyewe. Mwanetu alikuwa akiunda gari la deraya mfano wa Rolls-Royce yaliyotumika na Waingereza pande za Taveta mwaka 1916. Bibi akalishika, akaligeuza, akauliza: "Na waliobeba mizigo wako wapi?" Babu yake alichukuliwa kuwa mpagazi katika vita hivyo, wala hakurudi. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, wengi kwa maradhi na njaa, na jina la Kariakoo ndilo kumbukumbu ya kikosi chao. Mjukuu alimsikiliza hadi adhana ya Isha. Tangu siku hiyo, katika kanuni zake, upande ambao wapagazi wake hawana chakula hausogei hata hatua moja, liwe gari lake lina deraya ya namna gani.

Magari ya kwanza hatukuyapata. Mkokoteni wa taka ulikuwa umekwisha kupita, na kazi ya miezi ya mtoto ilikwenda nao. Tulimnunulia mengine, akashukuru, lakini alituambia wazi kwamba si yale. Boksi jipya haliko tena chini ya kitanda. Ameliweka juu ya kabati la sebuleni, mahali tunapoliona sote.