Kufuli Sawa, Lakini Tupewe Ufunguo

Wasee, kabla mtu aniambie ati vijana hawapendi kupiga kura, hebu tuongee kuhusu kitambulisho.

Sheria yetu ni rahisi: uwe umefika miaka 18, na uwe na kitambulisho cha taifa au pasipoti. Bila hivyo husajiliwi. Mimi siipingi. Baada ya uchaguzi wa 2007, Tume ya Kriegler ilikadiria kwamba daftari la wapiga kura lilikuwa na marehemu kama milioni 1.2. Nani anataka kura yake ishindane na ya mtu aliyezikwa? Ndiyo maana tukaletewa usajili wa alama za vidole kwa uchaguzi wa 2013, halafu mashine za KIEMS 2017.

Sasa njoo Makueni. Tarehe 9 Agosti 2022 mashine ziligoma Kibwezi Magharibi, na IEBC ikaruhusu daftari la karatasi litumike huko na sehemu za Kakamega. Na hilo daftari lilikuwa limeleta kesi siku chache tu kabla! Upande mmoja ulisema karatasi ni mlango wa wizi, mwingine ukasema bila karatasi watu watafungiwa nje. Wote walikuwa na hoja. Lakini aliyeumia ni yule aliyekuwa kwenye laini, juani, akingoja wakubwa waamue.

Susu wangu kule Kitui Kusini amelima ndengu na kuteka maji mtoni maisha yake yote. Alama za vidole zimesugulika zikaisha. Mashine ikimkataa, karani anaweka namba ya kitambulisho, picha yake inatokea, mawakala wanaona, fomu 32A inajazwa, anapiga kura. Kwangu huo ndio ulinzi wa maana: mwizi anazuiwa na susu haachwi nje.

Lakini susu ana kitambulisho. Binamu yangu wa miaka 19 hana. Ameenda kuulizia mara tatu, na kila mara anaambiwa arudi. Kaunti ya Kitui ina zaidi ya kilomita za mraba 30,000, kwa hivyo "rudi wiki ijayo" si neno dogo. Ni bodaboda, ni matatu, ni siku nzima ya kibarua imepotea. Halafu kumbuka Novemba 2023, serikali ilipotangaza kitambulisho cha kwanza, kilichokuwa bure, kiwe shilingi 1,000, na cha kubadilisha kiliyopotea kitoke 100 hadi 2,000. Watu walipiga kelele, kesi ikaenda kortini, na 2024 ada zikashushwa hadi 300 na 1,000. Na hata ukipewa kitambulisho bure, nauli hupewi bure.

Marekani bado wanabishana kama mpiga kura aonyeshe kitambulisho au la. Sisi hapo tulishamaliza. Swali letu ni nani anakipata, na baada ya safari ngapi. Ukidai kadi mlangoni, ni kazi yako kuhakikisha kila mtu anaweza kuipata.

Na tusidanganyane kuhusu wizi. Mahakama ya Juu ilipofuta uchaguzi wa urais tarehe 1 Septemba 2017, shida kubwa ilikuwa namna matokeo yalivyotumwa na kujumlishwa. Haikuwa kijana wa Mutomo asiye na kadi. Mkitaka kulinda kura, lindeni hadi mwisho, si mlangoni peke yake.

Uchaguzi ni 10 Agosti 2027. Kama umefika 18 na hujaomba, omba sasa. Kama chako kimeshafika kwa chifu, kichukue wiki hii. Halafu muulize MCA wako, mbele ya watu: maafisa wa usajili watafika lini kijijini kwetu?