Matairi ya Land Rover 109

Pikapu ya Land Rover 109 ilitoka kiwandani Solihull, Uingereza, ikiwa na matairi ya 7.50-16 kwenye rimu za chuma zenye upana wa inchi 5.5. Tairi hilo ni jembamba na refu, na kwa barabara za Afrika Mashariki lilifaa sana: wakati wa masika lilikata tope hadi kufika udongo mgumu, mahali ambapo tairi pana lingeelea na kuteleza.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Tanzania, suala la kuchagua tairi halikuwepo. Arusha ilikuwa na kiwanda cha General Tyre na Nairobi ilikuwa na Firestone, lakini bidhaa zilikuwa adimu, na mwenye gari alichukua tairi alilolipata. Kipara kilivalishwa mpira mpya kikarudi barabarani. Tyubu ilibandikwa viraka juu ya viraka. Waliokulia karibu na gereji za miaka hiyo wanamkumbuka fundi akilifungua tairi kwa mitaimbo miwili, kisha akipitisha kiganja taratibu ndani yake kuutafuta mwiba au ncha ya msumari, kwa sababu tyubu mpya ikiwekwa juu ya mwiba uliosahauliwa inatoboka kabla gari halijafika mbali. Baada ya hapo alinyunyiza poda ili tyubu isijikunje wala kunata.

Tyubu hiyo haikuwa anasa. Rimu za zamani za Land Rover zimeunganishwa kwa ribiti, na upepo hupenya kwenye matundu yake. Mpaka leo, anayezibakiza rimu hizo anapaswa kutumia tyubu hata kama tairi lenyewe limeandikwa kuwa halihitaji. Stika za karatasi zilizobandikwa ndani ya tairi jipya nazo zing'olewe, maana huisugua tyubu hadi ikatoboka.

Badiliko kubwa la kwanza lilikuwa tairi la radial, lenye mikanda ya waya chini ya kashata (mpira wa juu unaogusa barabara), ambalo Michelin iliuza tangu miaka ya 1940 lakini lilichelewa kuwafikia wenye pikapu kuukuu. 7.50R16 lina kimo kilekile cha tairi la asili, ila linatulia zaidi barabarani na haliishi upesi. Kulichanganya na la zamani la nyuzi za mshazari kwenye ekseli moja ni hatari: gari huvuta upande.

Kisha biashara ilifunguliwa, mitumba ikajaa, na hapo ndipo makosa yalipoongezeka. Range Rover za awali na Discovery ya kwanza zina matundu matano ya nati yenye mpangilio uleule wa milimita 165.1, kwa hiyo rimu zake pana ziliingia kwenye 109. Wengi walipenda sura yake. Lakini 109 haina stelingi ya pawa, na dereva alianza kupambana nayo kila alipoegesha. Usukani ukikatwa hadi mwisho, tairi pana husugua springi za majani. Discovery ya pili ilibadilisha mpangilio kuwa milimita 120, na rimu zake hazikubali kabisa.

Wengine walirudi nyuma wakafunga 205R16, kwa kuwa lilikuwa rahisi kupatikana. Hilo ni fupi kuliko la asili kwa takriban sentimita 7: mshale ukionyesha kilomita 80 kwa saa, gari linakwenda kama 73, na injini inazunguka zaidi ya inavyotakiwa. Zaidi ya hayo, uwezo wake wa kubeba ni mdogo, na pikapu hii ilitengenezwa ibebe mzigo.

Machaguo ya busara leo ni mawili. La kwanza ni kubaki na rimu ya inchi 5.5 na 7.50R16 lenye tyubu, na kwa gari linalotunzwa katika hali yake ya asili hakuna jibu bora kuliko hilo. La pili ni rimu nzito ya chuma ya Defender, ya inchi 6.5, pamoja na 235/85R16: kimo ni karibu kilekile, tyubu haihitajiki, na alama 120 ubavuni ina maana kwamba tairi moja linabeba kilo 1,400. Tairi hilo halifai kwenye rimu ya inchi 5.5, ambayo ni nyembamba mno kwake.

Kwa matairi ya mitumba, kashata nene isimdanganye mnunuzi. Tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT hueleza wiki na mwaka: 3214 ni wiki ya 32 ya mwaka 2014. Mpira uliozeeka hupasuka ubavuni hata kama haujatembea. Kwa 7.50, kitabu cha gari kinataka upepo wa pauni 25 mbele na 36 nyuma, na nati zikazwe tena baada ya safari ya kwanza.