Motokari Iliyopiga Teke

Baba yetu alipofariki alituachia, sisi ndugu watatu wa Lubumbashi, motokari yake: Chevrolet Impala ya mwaka 1966. Ni ndefu kama mtumbwi, na maarusi wengi wa mtaa wetu wameketi ndani yake siku ya ndoa. Miguu ya shofere ina pedali mbili tu, kwa maana sanduku la vitesi hujibadilisha lenyewe. Wenyewe Wamarekani waliliita Powerglide. Walilitia katika Chevrolet tangu mwaka 1950 hata 1973. Lina vitesi mbili za kwenda mbele, basi. Kazi yake ni kutoka ya kwanza na kuingia ya pili, na kwa miaka mingi hatukusikia linapofanya hivyo.

Halafu likaanza kupiga teke. Injini ililia muda mrefu katika vitesi ya kwanza, kisha pu! shingo zetu zikatikisika. Juma lile mdogo wetu ndiye aliyeshika usukani. Je, tulihitaji ushahidi mwingine? Sisi wakubwa wawili tukamwambia ameharibu mali ya baba. Hakujibu neno, ila tangu siku ile hakuja tena kula kwetu Jumapili.

Fundi mmoja alisikiliza dakika mbili, akasema sanduku limekufa, lifunguliwe lote. Bei aliyoitaja ilishinda karo ya watoto wetu wote. Tukaanza kuzungumza habari ya kuiuza kwa kilo, kama vyuma.

Jirani yetu mzee, aliyekuwa shofere tangu ujana wake, ndiye aliyetuzuia. “Wanangu,” alisema, “kabla ya kumzika mgonjwa, mpimeni.” Akatuagiza tuitembeze motokari hata mafuta ya sanduku yapate moto, kisha injini ikiwa inazunguka tuchomoe fimbo ya kupimia. Mafuta yalikuwa mekundu, safi, hayana harufu ya kuungua. Lakini yalikuwa yamepungua sana. Tukalala chini kutazama: udongo mkavu, hapana tone. Akatuuliza, “Basi yanakwenda wapi?”

Swali hilo lilituaibisha, maana moshi mweupe uliokuwa ukitoka nyuma tulikuwa tumeuona siku nyingi. Tulidhani ni uzee wa injini, ugonjwa mwingine kabisa. Kumbe ugonjwa ulikuwa mmoja.

Nyuma ya sanduku lile pana kikopo cha bati, nacho kimeunganishwa na injini kwa bomba jembamba na kipande cha mpira. Injini huvuta hewa kwa nguvu shofere asipokanyaga. Akikanyaga sana, mvuto hupungua. Ndani ya kikopo mna ngozi nyembamba ya mpira inayosikia mvuto huo. Ukiwa mkubwa, sanduku linajua kazi ni nyepesi, linapunguza msukumo wa mafuta na kubadilisha vitesi polepole, kwa upole. Ukikosekana, linadhani motokari inapanda mlima na mizigo: likibadilisha linapiga kwa nguvu. Ngozi ile ikipasuka, mambo mawili hutokea pamoja. Habari za mvuto hazifiki sawasawa, na injini inanyonya mafuta ya sanduku kwa njia ya bomba na kuyachoma. Ndiyo teke, ndiyo moshi.

Mzee hakutaka tumwamini kwa maneno tu. Tulizima injini, tukachomoa mpira kwenye kikopo, tukaingiza kitambaa cheupe kilichosokotwa. Kikatoka chekundu. Kama kingetoka kikavu, angetutuma kutafuta ufa katika mpira wenyewe na katika bomba. Kisha akaziba mpira kwa bolti na kuwasha injini. Baada ya muda moshi ukaisha.

Kikopo kingine tulikipata baada ya majuma kadhaa, nacho hufunguliwa na kufungwa kwa ufunguo bila kugusa sanduku lenyewe. Tulijaza mafuta mekundu kidogo kidogo, tukipima kila mara, kwa sababu kuzidisha nako ni kosa.

Sasa ilibaki kazi iliyokuwa ngumu kuliko bolti. Tulikwenda kwa mdogo wetu sote wawili, mchana, mbele ya mkewe, tukasema, “Tulikukosea. Mpira ulikuwa umezeeka, si mkono wako.” Alitazama chini kitambo. Kisha akauliza ufunguo uko wapi.

Yeye ndiye aliyeendesha kwenda barabara ya Likasi, na mama ameketi nyuma. Mwendo ulipokaribia ule wa kubadilisha vitesi, wote tukanyamaza kusikiliza. Hatukusikia kitu. Mama peke yake ndiye aliyesema, akiuliza mbona wanawe wamekuwa bubu.