NGUVU INAYOFIKA MAGURUDUMUNI



Hapa Mukuru kwa Reuben tunapakana na Industrial Area. Pikapu za dizeli tunazijua: zinabeba mabati, magunia ya viazi, hata vyombo vya wanaohama ploti. Na vijana wetu wengi wanashinda gereji. Kwa hivyo leo nikifundisha kwa mfano wa turbo, najua hamtapotea.

Turbo haina moto wake. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha gurudumu dogo la mapanga, na hilo, kwa mhimili mmoja, linazungusha lingine linalosukuma hewa ndani ya injini. Linaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika! Hewa ikiongezeka, dizeli nyingi zaidi inaungua vizuri. Upepo ukiingia, nguvu inapanda. Mpentekoste gani hapo hatasema amina?

Lakini mwenye gari akishaweka turbo kubwa, atajuaje kwamba nguvu imeongezeka kweli? Wengi husikiliza mlio. Wengine wakiona moshi mweusi wanashangilia. Fundi anayejua kazi yake hutikisa kichwa. Moshi mweusi ni dizeli ambayo haikuungua yote. Imelipiwa petroli stesheni, sasa inapotea hewani. Yeye anataka daino.

Daino ni mashine ya kupimia. Pikapu inapandishwa, magurudumu yanakaa juu ya rola, inafungwa kwa mikanda imara, feni kubwa inawashwa mbele yake. Dereva anakanyaga mafuta. Injini inanguruma, gari haliendi popote, na kompyuta inachora nguvu iliyofika magurudumuni. Hupimwa kabla turbo haijaguswa, kisha hupimwa tena baadaye. Bila kipimo cha kwanza, huwezi kusema umeongeza kitu.

Jina hilo limetoka kwa neno la Kigiriki dunamis, yaani nguvu, lile lile la Matendo 1:8. Sisi wahubiri tunapenda kusema limezaa dainamaiti. Ni kweli. Lakini limezaa daino pia, na hiyo hatuihubiri. Dainamaiti hulipuka mara moja, watu wakashangaa. Daino huuliza: ni ngapi imefika?

Maana kati ya injini na gurudumu kuna klachi, gia, shafti na difu, na kila kimoja hula kidogo. Mpendwa, kesha la Ijumaa ni injini. Magurudumu ni Jumatatu. Ni deni la unga lililo kwenye daftari la dukani. Ni ulimi wako nyumbani siku kibarua kimekosekana.

Kuna mama anayeketi kanisani akisikia mumewe akinena kwa lugha, naye anajua mkono ule ule ulimfanya nini Jumatano. Sisi tunasikia mlio. Yeye ndiye anayesoma daino. Mama, ukisema hujavunja imani wala hujaiaibisha nyumba ya Mungu. Njoo, mimi na mama mchungaji tutakusikiliza, na hatutakurudisha penye hatari kwa jina la maombi.

Nawe ndugu, usiombe tu turbo kubwa. Toyota ilipoongezea nguvu injini ya Hilux ya lita 2.8 mwaka 2020, kutoka kilowati 130 hadi 150, haikugusa turbo peke yake. Iligusa pia pistoni na mfumo wa kunyunyiza dizeli. Ukisukuma hewa na mafuta mengi kwenye injini ambayo haikuandaliwa, joto linapanda hadi pistoni inayeyuka. Karama ikizidi tabia, kitakachopasuka ni nyumba.

Wakorintho walikuwa na karama tele, lakini Paulo aliwaagiza wajipime wenyewe kama wako katika imani (2 Wakorintho 13:5). Wiki hii fanya hivyo. Muulize mkeo, muulize mtoto wako: tangu niokoke, nini kimebadilika hapa nyumbani? Kisha nyamaza, usijitetee. Hicho ndicho kipimo chako cha kwanza. Baada ya miezi mitatu uliza tena.

Baba, tupandishe kwenye rola zako, utufunge tusikimbie. Tuonyeshe kilichofika na kilichopotea njiani, kisha ututengeneze. Katika jina la Yesu.

Kama uko tayari kupimwa, andika AMINA. Mbarikiwe.